Mkaguzi wa usalama analipwa na nani? Historia fupi kwa mwenye mashine na mwenye duara



Gari la serikali likisimama karibu na soko, wapo wanaozima mashine ya kukoboa na kufunga mlango. Wenye karasha nao hufanya hivyo hivyo. Kabla hujafunga tena, ijue historia ya mkaguzi wa usalama. Itakuonesha kwa nini anakuja, na kwa nini mara nyingine haji kabisa.

Mwaka 1802 Uingereza iliwapa mahakimu na makasisi wa mtaa kazi ya kutembelea viwanda. Hawakuwa na ujuzi wa mashine, na walijuana na wenye viwanda. Mwaka 1833 wakawekwa wakaguzi 4 wanaolipwa na serikali, kwa nchi nzima. Walikuwa wachache, lakini kanuni ilikuwa nzuri: anayekagua asile kwa anayekaguliwa.

Kwetu Tanganyika, Idara ya Kazi ilianzishwa mwaka 1926 chini ya Meja Granville Orde-Browne, iangalie hali za vibarua. Mwaka 1931 uchumi wa dunia ulipodorora, idara ikafutwa ili kubana matumizi. Tazama wakati wenyewe: miaka hiyo ya 1930 dhahabu ya Lupa, Chunya, ilivuta maelfu ya vibarua, na mwaka 1936 mgodi wa Geita ukaanza. Wachimbaji waliongezeka wakati wa kuwaangalia alikuwa ameshaondolewa.

Idara ilirudishwa baadaye, na mwaka 1950 ikatungwa Sheria ya Viwanda. Mwaka 1962 nchi yetu iliridhia Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani. Mkataba huo unataka mkaguzi aajiriwe kwa sifa zake, ajira yake isitikiswe na mabadiliko ya serikali, na asiwe na maslahi katika kazi anayoikagua. Lakini uliruhusu nchi kuiacha migodi nje.

OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ilianzishwa mwaka 2001. Sheria namba 5 ya mwaka 2003 ikapanua ukaguzi kutoka viwandani hadi sehemu nyingine za kazi, shamba likiwemo. Migodini, Tume ya Madini nayo ina wakaguzi wake.

Wakala hukusanya ada. Mimi naona hapo pana mtego: ofisi inayotegemea ada huvutwa kwenda kwa mwenye uwezo wa kulipa, na mwenye duara dogo anabaki peke yake. Mkaguzi naye akipandishwa cheo kwa makusanyo badala ya ajali alizozuia, atahesabu risiti kuliko matimba.

Oktoba 2015, kule Nyangalata, Kahama, wachimbaji 6 walifukiwa chini ya ardhi. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Mmoja alifariki. Siku 41, ndugu yangu, ni karibu nusu ya msimu wa maharage.

Basi fanya haya:

1. Mkaguzi akija, mwombe kitambulisho kwa heshima, kisha mkaribishe. Usifunge mlango.
2. Usilipe fedha mkononi. Lipa kwa kontroo namba ya serikali na utunze risiti.
3. Sajili eneo lako la kazi. Ada ya usajili OSHA ilishafutwa, hivyo gharama isiwe kisingizio.
4. Akikwambia funika mkanda wa mashine au ongeza matimba, mwombe aandike, ubaki na nakala.
5. Asipokuja, usingoje. Kagua mwenyewe kila asubuhi: mkanda, nyaya, kamba, matimba, na stoo ya viuatilifu.

Mwaka 1931 mkaguzi aliondolewa kwa sababu fedha zilikuwa finyu. Fedha zikibana tena, diwani na mbunge wako waulize mapema ni nani atakayeshuka kuangalia duara analofanyia kazi mwanao.