Mwaka 1864 katika Nchi ya Denmark

Baada ya kuzitazama hesabu za mwaka, yafaa tutulie kidogo tusome habari za watu wengine, kwani asiyejua ya wenzake hujifunza kwa hasara yake mwenyewe. Tumechagua habari za Denmark, nchi ndogo ya wakulima na mabaharia huko kaskazini ya Ulaya, na mwaka 1864 ulioitikisa.

Siku zile mfalme wa Denmark alitawala pia milki tatu zilizokuwa kusini: Schleswig, Holstein na Lauenburg. Watu wa Holstein na Lauenburg walikuwa Wajerumani. Katika Schleswig, wa kaskazini walisema Kidenmark na wa kusini Kijerumani, na hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa fitina. Vita vya kwanza juu ya jambo hilo, vilivyoanza mwaka 1848, vilikwisha bila Denmark kupoteza kitu, nao wengi wakajiona wana nguvu kuliko walivyokuwa. Mwezi wa Novemba 1863 mfalme mpya, Christian IX, alitia sahihi sheria ya kuiunganisha Schleswig na Denmark, kinyume cha mapatano yaliyotangulia.

Tarehe 1 Februari 1864 majeshi ya Prussia na Austria yakavuka mto Eider. Wadenmark walitumaini boma lao la kale, Danevirke, lakini Jenerali de Meza aliona kwamba haliwezi kulindwa, akawaondoa askari wake usiku, katika baridi kali na theluji. Aliliokoa jeshi, lakini watu walighadhibika, naye akauzuliwa. Mizinga ya Prussia ikaipiga ngome ya Dybbøl kwa majuma kadhaa, na tarehe 18 Aprili ikatekwa.

Hapo ulifunguka mlango wa suluhu. Mataifa yalikutana London, silaha zikawekwa chini kwa muda, ikapendekezwa Schleswig igawanywe. Lakini pande zote mbili zilishindana juu ya mahali pa kupitisha mpaka, na serikali ya Denmark, iliyoongozwa na D. G. Monrad, ikakataa hata kumwachia mwamuzi neno hilo. Vita vikarudi mwishoni mwa Juni, na tarehe 29 kisiwa cha Als kikatekwa. Katika mapatano ya Vienna ya tarehe 30 Oktoba Denmark ilitoa milki zote tatu: kadiri ya theluthi moja ya ardhi, na watu wapatao 1,000,000 kati ya 2,600,000. Waliokataa kugawana wakakosa vyote. Majuto ni mjukuu.

Je, watu hao walifanya nini? Yaliyopita si ndwele, waliganga yajayo. Mwaka 1866 Enrico Dalgas, mhandisi wa barabara, pamoja na wenzake waliunda chama cha kuifufua nyika kavu ya Jutland. Walipanda miti ya kuzuia upepo, wakapeleka maji mashambani na kurutubisha mchanga. Mwaka huo huo, katika mji wa Thisted, kasisi Hans Christian Sonne aliwasaidia wafanya kazi maskini kuanzisha duka la ushirika. Mwaka 1882 wakulima wa Hjedding walijenga kiwanda cha ushirika cha maziwa, na vingine vingi vikafuata. Katika vyama vingi vya namna hiyo mwenye ng'ombe mmoja na mwenye ng'ombe wengi walikuwa na kura moja moja.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba kushindwa peke yake kulileta neema. Shule ya kwanza ya watu wazima wa mashamba, iliyofuata mawazo ya mzee Grundtvig, ilifunguliwa Rødding tangu mwaka 1844. Rødding ilipobaki upande wa pili wa mpaka, walimu wake walihamia Askov mwaka 1865 wakaendelea kufundisha. Mbegu ilikuwa ghalani kabla ya njaa kuingia.

Wala tusisahau waliolipa. Wadenmark wa Schleswig ya kaskazini walikaa chini ya utawala wa kigeni miaka 56, na maelfu ya vijana wao walikufa katika jeshi la Ujerumani katika vita vya 1914 hadi 1918. Mwaka 1920 watu wenyewe walipiga kura, na sehemu hiyo ikarudi Denmark. Hivyo mpaka ukawekwa kwa kura, jambo ambalo mizinga haikuweza kulimaliza.

Basi sisi tunaokutana kushauriana juu ya mambo ya wote twaona mawili ya kukumbuka. Kiburi barazani huweza kupoteza kilichojengwa na wazee wengi; na chama kilichojengwa wakati wa salama ndicho kivuli wakati wa jua kali.