Saini ya Sèvres, Mikokoteni ya İnebolu

Tarehe 10 Agosti 1920 wajumbe wa sultani wa Dola ya Uthmaniya walitia saini mkataba wa Sèvres, na Waziri Mkuu wa Uingereza, David Lloyd George, akahesabu kwamba Anatolia imekwisha kugawanywa. Aliipenda mno Ugiriki, hilo si siri, ila kosa kubwa zaidi lilikuwa kudhani kwamba dola ikianguka, watu wake nao wameanguka. Sultani alikuwa Istanbul, mji uliokaliwa na majeshi ya kigeni. Ankara, makao ya Waturuki waliompinga, ilikuwa na Bunge lake tangu Aprili 23. Aliyesaini hakuwa na jeshi, na mwenye jeshi hakusaini.

Tena jeshi hilo lilichochewa na wageni wenyewe. Wagiriki waliposhushwa Izmir tarehe 15 Mei 1919, kwa idhini ya Uingereza, Ufaransa na Marekani, wakulima waliokwisha kuchoshwa na vita walipata sababu ya kupigana tena. Siku nne baadaye Mustafa Kemal, ofisa aliyekuja kuwa kiongozi wa Ankara, akatua Samsun. Silaha zilikuja kutoka kwa Wasovieti, warithi wa Urusi, adui wa karne nyingi. Zilishushwa İnebolu, bandari ndogo ya Bahari Nyeusi, na wanawake wa vijijini wakazipandisha milimani kwa mikokoteni ya ng'ombe.

Wapo watakaosema kwamba ni rahisi kuwa na hekima baada ya tukio. Lakini Henry Wilson, mkuu wa majeshi ya Uingereza, alionya mapema, na Waziri wa Mambo ya Nje, Curzon, pia. Wengine humlaumu kima: Oktoba 1920 alimng'ata Mfalme Alexander wa Ugiriki, mfalme akafa, Waziri Mkuu Venizelos akashindwa uchaguzi wa Novemba, na maofisa wazoefu wakaondolewa. Kisa kitamu, na kina ukweli wake. Ila si kima aliyeirefusha njia ya kutoka Izmir hadi mto Sakarya, ambako mwaka 1921 Wagiriki walipigana siku 22 huku chakula na risasi vikiwapungukia. Wala si yeye aliyeituma Ufaransa kupatana na Ankara Oktoba ya mwaka huo wa 1921.

Tarehe 9 Septemba 1922 Waturuki waliingia Izmir. Siku nne baadaye mji ukashika moto, na umati ukabanwa gatini kati ya ndimi za moto na bahari, mbele ya manowari za mataifa makubwa zilizotia nanga. Lloyd George alipotaka vita na Waturuki huko Çanakkale na kuiomba Kanada msaada, ilijibu kwamba bunge lake ndilo litakaloamua. Oktoba 19 akajiuzulu. Hata baada ya hayo yote, mwaliko wa mazungumzo ya amani ya Lausanne ulipelekwa Ankara na kwa serikali ya sultani pia. Tarehe 1 Novemba Ankara ikajibu kwa kuufuta usultani.