Antivirusi ya bure ipi inafaa kompyuta yako ya nyumbani? Soma hii kabla hujapakua

Kama unaishi Kibondo au Kasulu na una kompyuta nyumbani, adui wake mkubwa huenda hayupo mtandaoni. Yupo kwenye flashi iliyotoka steshenari jana.

Umekwenda kuprinti barua ya maombi ya kazi. Flashi yako imechomekwa kwenye kompyuta ambayo tangu asubuhi imepokea flashi za kila mtu. Jioni unaichomeka kwenye laptopu yenye matokeo ya wanafunzi, hesabu za duka, ripoti ya chuo na picha za harusi. Kirusi kimoja kinatosha kuharibu vyote hivyo kwa usiku mmoja.

Habari njema ni kwamba ulinzi mzuri upo, tena wa bure. Tatizo ni kwamba wengi wanauliza tu "antivirusi ipi ni kali?" Kwa huku kwetu maswali ya kuanza nayo ni matatu: kompyuta yako ina Windows ya ngapi, ina nguvu kiasi gani, na bando lako linamudu nini?

Anza na uliyonayo tayari

Kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 inakuja na antivirusi ndani yake. Inaitwa Microsoft Defender. Haina malipo, haihitaji kusajiliwa na haikupigii kelele ununue toleo la kulipia.

Zamani Defender ilidharauliwa, na kulikuwa na sababu. Siku hizi mambo yamebadilika. AV-TEST, maabara ya Ujerumani inayopima antivirusi, inatoa alama 18 kwa jumla, na Defender imezipata zote mara nyingi katika miaka ya karibuni.

Kwa mtu wa kawaida hii inatosha, mradi iwe imewashwa. Kuhakikisha, fungua Start, andika Windows Security, kisha ingia sehemu ya Virus & threat protection. Chini ya Manage settings, Real-time protection iwe On. Ukikuta Off, kompyuta yako ipo wazi kama nyumba isiyo na mlango.

Windows yako ni ya ngapi?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, halafu Enter. Jibu utaliona hapo hapo.

*Windows 11:* upo vizuri. Baki na Defender.

*Windows 10:* Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Defender yenyewe itaendelea kupata taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows hayazibwi tena kwa kawaida. Microsoft iliweka nyongeza inayofika 13 Oktoba 2026. Njia mojawapo ya kuipata ni ya bure: unaingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe mtandaoni. Angalia ukurasa wa Windows Update kwenye kompyuta yako.

*Windows 7:* huduma yake iliisha 14 Januari 2020. Defender iliyomo ndani ya Windows 7 siyo antivirusi kamili. Hata kivinjari cha Chrome kiliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 mwaka 2023. Ukiweka antivirusi juu yake ni sawa na kufunga kufuli kwenye mlango uliooza.

Kama laptopu ni ya zamani na haiwezi kubeba Windows mpya, muulize fundi kuhusu Linux Mint. Ni ya bure kabisa, toleo lake jepesi la Xfce linaendesha mashine zenye RAM ndogo, na virusi vingi vya flashi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Windows haviwezi kufanya kazi humo.

Angalia fundi alivyokupigia Windows

Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Windows nyingi mitaani zimepigwa kwa kraki. Programu inayofanya kraki hiyo hutambuliwa na Defender kuwa ni hatari, kwa hiyo ili kazi ipite, Defender inazimwa kwanza. Kazi ikiisha, inaweza kuachwa hivyo hivyo.

Wakati mwingine haizimwi, ila inaambiwa isikague sehemu fulani. Kila kitu kinaonekana kijani, kumbe diski nzima ya C imeruhusiwa kupita bila ukaguzi. Kwenye Manage settings shuka hadi Exclusions. Ukikuta kitu usichokijua, kiondoe. Ukikuta C:\ yote imeandikwa pale, kiondoe haraka, kisha fanya Full scan.

Hatari ya kraki siyo hadithi. Kuanzia 2018 kirusi kinachofunga mafaili na kudai hela, kiitwacho STOP au Djvu, kimewaliza watu wengi duniani, na njia yake kuu imekuwa programu za kraki. Mtu anatafuta Photoshop ya bure, anaishia na mafaili yasiyofunguka.

Ukitaka nyingine, hizi hapa

Zingatia sheria moja: usiweke antivirusi mbili zinazolinda muda wote kwa pamoja. Zitagombana na kompyuta itakuwa nzito. Ukiweka nyingine, Defender hujiweka pembeni yenyewe.

*Bitdefender ya bure:* ina ulinzi mzuri na matangazo machache. Lazima ufungue akaunti kwa barua pepe, na kuipakua kunakula mamia ya MB.

*Avast na AVG:* zinajulikana sana. Kiundani ni ndugu, kwani Avast iliinunua AVG mwaka 2016, hivyo usihangaike kuzilinganisha. Zinakukumbusha mara kwa mara ulipie. Pia zina historia: Februari 2024, FTC, tume ya biashara ya Marekani, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti ambazo wateja wake walikuwa wakitembelea. Kampuni tanzu iliyofanya biashara hiyo, Jumpshot, ilifungwa 2020. Ukiiweka, ingia kwenye mipangilio ya faragha na uzime kila kipengele cha kushirikisha taarifa.

*Kaspersky ya bure:* ina nguvu ya kukamata virusi. Mwaka 2024 Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake nchini humo, ikitaja usalama wa taifa, kwa kuwa kampuni ni ya Urusi. Kampuni ilikanusha kuwa ni tishio. Uamuzi ni wako.

*Malwarebytes ya bure:* hii ni ya kusafisha. Unaiita ukishahisi tatizo, inakagua na kuondoa. Toleo la bure halikulindi muda wote, hivyo ibaki kuwa msaidizi wa Defender.

*Smadav:* ni ya Indonesia, imetengenezwa hasa kwa ajili ya virusi vya flashi. Watengenezaji wake wenyewe wanaieleza kama ulinzi wa nyongeza. Usiitegemee peke yake.

Yoyote utakayochagua, ipakue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Usiichukue kwenye flashi ya rafiki wala kwenye tangazo linalopiga kelele kwamba kompyuta yako ina virusi 27. Tangazo la namna hiyo mara nyingi ndiyo kirusi chenyewe.

Bando ni dogo? Fanya hivi

Antivirusi isiyopata taarifa mpya ni mlinzi asiyewajua wezi wa leo. Lakini wengi huku tunawasha intaneti ya kompyuta kupitia hotspoti ya simu, na tunaogopa bando kuisha kwa dakika kumi.

Kwanza, kwenye mipangilio ya Wi-Fi iambie Windows kwamba hotspoti yako ni Metered. Itaahirisha masasisho mengi makubwa. Usiache hivyo miezi yote. Chagua siku moja kwa wiki, ukiwa na bando la kutosha, uondoe alama hiyo na uache kompyuta ijisasishe.

Pili, kama kompyuta haina intaneti kabisa, taarifa za Defender zinaweza kuletwa kwa flashi safi. Nenda kwenye tovuti ya Microsoft, tafuta Security intelligence updates, na upakue faili liitwalo mpam-fe.exe linalolingana na kompyuta yako, iwe 64-bit au 32-bit. Ni zaidi ya MB 100. Lifungue kwenye kompyuta ya nyumbani kwa kubofya mara mbili. Halitaonyesha mbwembwe yoyote, litafanya kazi kimya kimya. Faili moja linaweza kuhudumia kompyuta zote za shule au za familia zenye Windows ya aina hiyo.

Flashi imegeuza mafaili kuwa shotikati?

Ugonjwa huu unajulikana kila steshenari. Unafungua flashi, unakuta shotikati tupu. Usiifomati! Mara nyingi mafaili yako bado yapo, yamefichwa tu.

1. Usibofye shotikati hata moja. Ukibofya, unamwamsha kirusi.
2. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Scan with Microsoft Defender, uache imalize.
3. Angalia herufi ya flashi, tuseme ni E. Fungua cmd, andika mstari huu kisha Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

4. Mafaili yakirudi, yakopi, kisha futa shotikati zote.

Kama kirusi kinarudi kila mara, basi kimejificha kwenye kompyuta. Ndani ya Scan options chagua offline scan. Kompyuta itajizima na kuwaka, kisha itakagua kabla Windows haijaanza, kwa takriban dakika 15. Chaji betri kwanza, umeme usije ukakatika katikati.

Antivirusi pekee haitoshi

Mei 2017 kirusi WannaCry kilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha kuziba tundu hilo Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla. Walioumia wengi hawakuwa wamesasisha Windows.

Kwa hiyo weka nakala. Google inakupa GB 15 bure. Matokeo ya darasa na hesabu za duka hayajazi hata robo yake. Picha na video ziweke kwenye flashi au diski ya nje ambayo haitembei mtaani. Ukimaliza kukopi, ichomoe. Nakala iliyobaki imechomekwa hufungwa na kirusi pamoja na zile nyingine.

Ukikuta mafaili yamefungwa na unadaiwa hela

Kata intaneti, chomoa flashi zote. Usikimbilie kulipa, maana hakuna uhakika wa kurudishiwa chochote. Kwa simu yako ingia nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama. Una funguo za bure kwa baadhi ya virusi hivyo. Usimruhusu fundi afomati kabla hujajaribu. Unaweza pia kuripoti polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu uhalifu wa aina hii.

Kwa kifupi

- Windows 10 au 11: washa Defender, kagua Exclusions, isasishe kila wiki.
- Windows 7: badilisha mfumo kwanza, antivirusi baadaye.
- Antivirusi moja ya kulinda, nyingine ya kusafisha tu.
- Flashi ya steshenari iwe tofauti na flashi ya nakala.
- Nakala mbili za kila unachokithamini, moja iwe nje ya kompyuta.

Leo jioni ukiwasha kompyuta, anza na hilo la kwanza. Ni dakika mbili tu.