Uwanja wa Askernish

Wasikilizaji, yamkini wengi wenu mmepata kuuona uwanja wa gofu, walau kwa mbali: majani yaliyokatwa mafupi mno, vishimo vyenye bendera, na watu wapigao mpira mdogo kwa fimbo. Ni wachache waulizao ni nani ayakataye majani yale. Mara nyingi ni kibarua mwenye ujira wake. Lakini katika kisiwa cha South Uist, magharibi ya Uskoti, uko uwanja uliofufuliwa kwa mikono ya watu waliojitolea, na habari zake ni habari za ardhi kuliko za mchezo.

Pwani ya magharibi ya kisiwa hicho ni uwanda wa mchanga uliochanganyika na makombe yaliyosagika, na juu yake huota majani mazuri na maua. Wenyeji, ambao lugha yao ya asili ni Kigaeli, huuita machair. Hapo hulisha ng'ombe na kondoo, na tangu zamani hurutubisha vishamba vyao kwa mwani uletwao na mawimbi.

Mwaka 1838 kisiwa kilinunuliwa na tajiri mmoja, Kanali John Gordon wa Cluny. Katika mwaka 1851, baada ya miaka ya njaa, watu zaidi ya 1,500 wa South Uist na visiwa vya jirani walipakiwa merikebuni kupelekwa Kanada, wengine kwa nguvu. Sheria ya mwaka 1886 ndiyo iliyowapa wakulima wadogo salama, wasiweze kufukuzwa ovyo. Hata hivyo ardhi ilibaki mali ya bwana mwenye shamba, na hatimaye ikamwangukia mkwewe, Bibi Gordon Cathcart. Bibi huyo ndiye aliyemwita Tom Morris wa St Andrews mwaka 1891. Mzee Tom alikuwa bingwa wa mashindano makuu ya gofu mara 4, na fundi mashuhuri wa kutengeneza viwanja. Alipima mashimo 18 katika vilima vya mchanga vya Askernish.

Miaka ikapita, na mchanga na majani vikayafunika mashimo mengi. Katika miaka ya 1930 mahali palipo tambarare palitumika kutulia ndege. Wanakijiji wachache waliendelea kutunza uwanja mdogo wa mashimo 9, nao nadhani wastahili sifa kuliko wote, maana mtu hupenda kusaidia jambo jipya, bali kushika jambo linalofifia ni kazi ya uchovu.

Mwaka 2005 akafika mtaalamu wa majani ya viwanja, akaenda nao vilimani. Hawakuwa na ramani ya Mzee Tom. Walitembea wakiisoma nchi yenyewe: hapa bonde laelekea penye tambarare, pale kilima chaukinga upepo, basi yumkini shimo lilikuwa hapa. Kisha kazi ikaanza, kazi ya ujima kama tuijuavyo sisi: kufyeka, kukata majani, kusawazisha kidogo tu pasipokuwa na budi. Mitambo mikubwa haikuchimbua vilima; ukiung'oa mzizi wa majani ya pwani, upepo huchukua mchanga wote.

Katikati ya kazi hiyo, mwaka 2006, wenyeji wenyewe waliinunua ardhi kwa chama chao, yapata eka 93,000. Hivyo walipoufungua uwanja mwaka 2008, walikuwa wakifyeka kwao.

Lakini tusidhani wote walifurahi. Baadhi ya wafugaji walipeleka mashtaka katika Mahakama ya Ardhi ya Uskoti, wakisema mchezo utapunguza haki yao ya malisho. Siwezi kuwacheka. Mtu ambaye wazee wake waliondolewa kwa amri ya mwenye ardhi hana budi kuuliza maswali asikiapo neno la mpango mpya, hata ukiletwa na jirani yake.

Mchezo na mifugo vyote vimebaki. Uwanja hautiwi dawa za kuua wadudu. Wakati wa kiangazi watu hucheza, na miezi ya baridi ifikapo, ng'ombe na kondoo huingia tena vilimani kula majani, wakiyafupisha kabla ya kazi ya mwaka ujao.