Ugomvi Ulioshusha Bei

Msomaji, usidhani kwamba kompyuta ilikuwa chombo cha kila mtu tangu mwanzo. Mnamo mwaka 1974 kampuni ya Motorola, huko Marekani, ilitoa maikroprosesa yake iitwayo 6800. Maikroprosesa ni kipande kidogo cha silikoni, nacho ndicho ubongo wa kompyuta. Lakini kipande hicho kiliuzwa dola 360. Chuck Peddle, mhandisi wa kampuni hiyo, aliona wanunuzi wakikipenda, ila bei ikiwashinda. Akataka kuunda cha bei nafuu. Wakubwa wake wakamkataza. Basi akaondoka na wenzake kadhaa, wakaingia kampuni ya MOS Technology. Huko waliondoa kila kisichokuwa cha lazima, wakapunguza na vipande viharibikavyo kiwandani. Mwaka 1975 wakatoa 6502, kwa dola 25 tu. Motorola iliwashtaki, wakalazimika kuiacha 6501, ndugu ya 6502. Hata hivyo 6502 ilisalimika, na mwaka 1976 kijana Steve Wozniak akaundia kompyuta ya kwanza ya Apple. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika ugomvi huu nyasi zilistawi. Nawe kumbuka: fundi hodari si ajuaye kuongeza tu, bali pia ajuaye la kuacha.