Thondimuthalum Driksakshiyum

Thondimuthalum Driksakshiyum ni filamu ya Uhindi katika lugha ya Kimalayalam, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 30 Juni 2017. Iliongozwa na Dileesh Pothan na kuandikwa na Sajeev Pazhoor. Waigizaji wakuu ni Fahadh Faasil, Suraj Venjaramoodu, Nimisha Sajayan na Alencier Ley Lopez. Kimalayalam ni lugha ya jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa Uhindi, ambalo lina tasnia yake ya filamu iliyo tofauti na ile ya Kihindi ya Mumbai.

Jina la filamu ni maneno mawili ya mahakamani. Thondimuthal ni mali iliyoibwa inayotolewa kama kielelezo, na driksakshi ni shahidi aliyeona kwa macho yake. Hadithi nzima inahusu kesi yenye shahidi lakini isiyo na kielelezo.

Hadithi

Prasad (Suraj) na Sreeja (Nimisha) wanatoka eneo la Vaikom, katikati ya Kerala. Wanafahamiana kwa ugomvi: Prasad anamwona binti huyo akinunua kipimo cha mimba dukani na kudhani mambo yasiyokuwepo. Ugomvi unageuka mapenzi. Kwa kuwa ni watu wa kasti tofauti, yaani matabaka ya kurithi ya jamii ya Kihindu, familia ya Sreeja haikubali ndoa hiyo. Wanahamia Kasaragod, wilaya ya kaskazini kabisa ya Kerala, inayopakana na jimbo la Karnataka, ili waanze kilimo. Shamba wanalo, maji hawana.

Siku moja wamo ndani ya basi, wakienda kuugeuza mkufu wa dhahabu wa Sreeja kuwa fedha za kuchimba kisima. Sreeja anasinzia. Kijana aliyeketi nyuma yake (Fahadh) anaukata mkufu, na Sreeja anapozinduka anamwona akiumeza. Abiria wanamkamata na kumpeleka kituo cha polisi. Huko anakana kila kitu kwa upole, na anapoulizwa jina anasema naye ni Prasad. Kuanzia hapo mlalamikaji na mtuhumiwa wanaitwa jina moja.

Picha ya eksirei inaonyesha mkufu tumboni. Kinachobaki ni kumlisha ndizi, kumsindikiza chooni na kungoja.

Katika filamu nyingi za upelelezi mtazamaji hutafuta mhalifu. Hapa mhalifu anajulikana tangu mwanzo na hata mahali ulipo mkufu panajulikana. Kinachokosekana ni kitu cha kuweka mbele ya hakimu. Kwa hiyo upelelezi unakuwa kazi ya kuchosha: maelezo yanaandikwa na kuandikwa upya, wenye mali wanashinda kituoni kana kwamba wao ndio washtakiwa, na askari wanawaza uhamisho na vyeo vyao. Mwizi anatoroka, anafukuzwa na kukamatwa tena, lakini mkufu hauonekani. Sasa walio hatarini ni polisi wenyewe, hasa Chandran (Alencier), askari mtu mzima aliyempiga mtuhumiwa. Ndipo linapozuka wazo la kielelezo cha bandia, na mke na mume wanatakiwa waseme uongo ili ukweli wanaoujua uweze kuthibitishwa. Hiki ndicho kiini cha filamu, nacho kinasimuliwa bila hotuba hata moja.

Mwizi hakufanywa shetani wala shujaa. Anatabasamu, anadanganya, anapigwa, na wakati mmoja anamuuliza askari kama amewahi kushinda na njaa katika umri wa ujana. Swali hilo halimwondolei kosa, lakini mtazamaji hawezi tena kumchukia kwa urahisi. Wakati huohuo haki ya Sreeja haipungui: mkufu ule ndio kisima chao, na bila maji hakuna shamba.

Utengenezaji

Hii ilikuwa filamu ya pili ya Pothan baada ya Maheshinte Prathikaaram (2016), ambayo pia ilikuwa na Fahadh Faasil. Kwa Nimisha Sajayan ilikuwa ya kwanza. Suraj Venjaramoodu alikuwa amejulikana zaidi kwa vichekesho. Hapa anacheza mume mnyonge mwenye hasira isiyo na pa kwenda. Picha zilipigwa na Rajeev Ravi, ambaye mwenyewe ni mwongozaji, na muziki ni wa Bijibal.

Baadhi ya askari wanaoonekana katika filamu ni polisi wa kweli. Mkuu wa kituo, Sajan Mathew, anachezwa na Sibi Thomas, aliyekuwa ofisa wa polisi wa Kerala. Labda ndiyo sababu kituo kile kinafanana na ofisi ambayo watu wameizoea: wanavyokaa, wanavyotaniana, wanavyonyamaza mkubwa anapoingia. Asiyezoea filamu za namna hii anaweza kuona nusu ya pili inakwenda polepole, ingawa kungoja huko ndiko kunakobeba hadithi.

Tuzo

Katika Tuzo za 65 za Taifa za Filamu za Uhindi, ilichaguliwa kuwa filamu bora ya Kimalayalam. Fahadh Faasil alipata tuzo ya mwigizaji msaidizi bora, na Sajeev Pazhoor ya mswada bora wa asili. Katika tuzo za jimbo la Kerala za mwaka 2017, Alencier Ley Lopez alitajwa kuwa mwigizaji bora wa uhusika kwa nafasi yake ya Chandran.