Kuku wa mfumu na damu ya marehemu

Zamani huku Unyamwezi, kutoka Tabora kupita Kaliua kwenye njia ya misafara ya Ujiji, mtu akifa ghafla ndugu walikwenda kwa mfumu, mpiga ramli. Kuku alipasuliwa, matumbo yakasomwa. Swali lilikuwa: nani kamuua? Mara nyingi jibu lilimwangukia bibi kizee wa jirani.

Mwaka 1895 Wajerumani walianzisha Dar es Salaam maabara ambayo leo ndiyo Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Swali la maabara ni jingine: nini kimemuua?

Chukua amitriptilini, dawa ya sonona iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1961. Dawa hiyo huzubaisha ubongo, pombe nayo vilevile. Vikikutana, pumzi hufifia na mapigo ya moyo huweza kuvurugika, hata kama kipimo cha kila kimoja peke yake kisingeua. Asubuhi maiti haina jeraha, na mtaa unaanza kunong'ona: karogwa.

Damu nayo hudanganya. Baada ya kifo, dawa huvuja kutoka kwenye ini na mapafu hadi damu ya moyoni, na bakteria hutengeneza pombe ndani ya maiti inayooza. Ndiyo maana wataalamu huchukua damu ya paja na majimaji ya jicho, tena mapema.

Joto la Kaliua halisubiri, na sisi tunazika haraka. Tukizika bila kupima, swali la "nini" linazikwa pia. Linabaki la "nani", na bibi kizee bado yupo jirani. Mnasemaje?